Fimbo ya Kuvulia Ziwa Tanganyika: Kagua Pete Kabla ya Kuuliza Bei

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wavuvi wa fimbo wa Kigoma, kuanzia Katonga mpaka Kibirizi, yanafanana mno. Samaki aitwaye kuhe ameuma, mkono umevuta, fimbo imepinda, na papo hapo uzi umekatika, chambo kimeondoka na samaki. Lawama zote anabebeshwa uzi: "Nimeuziwa uzi feki." Mtu anaagiza uzi mwingine wa bei kubwa zaidi, nao unakatika vilevile. Uzi mzima wa kusuka wenye nguvu ya paundi 30 haukatwi na kuhe wa kilo tatu. Mara nyingi unakatwa na fimbo yenyewe, kwenye pete, vile viduara ambamo uzi hupita.

Ndiyo maana sitakaa sana kwenye urefu, rangi, wala mpini wa koki au wa sponji. Futi saba, yaani mita 2.13, inafaa kwenye boti na inafaa ukisimama kwenye mawe. Chukua ya vipande viwili. Kila kipande kinakuwa karibu sentimita 107, kinaingia kwenye basi la Kasulu na kinabebeka kwenye bodaboda. Rili, yaani gurudumu la kukunjia uzi, iwe ya kawaida, saizi 3000 au 4000. Hayo yametosha.

Pete za fimbo nyingi zina sehemu mbili: fremu ya chuma, na ndani yake duara la kauri ambalo ndilo linaloguswa na uzi. Kauri ni ngumu na uzi wa kusuka hauichimbi, lakini haivumilii kugongwa. Laza fimbo juu ya ubavu wa boti huku injini ikitetemesha, iangushe mara moja kwenye mawe, au isafirishe ikiwa imefungwa kwenye gazeti tu, na ufa mwembamba unatokea ambao jicho haliuoni. Uzi wa nailoni unaweza kuuvumilia kwa muda kwa sababu ni mnene na ni mmoja. Uzi wa kusuka umeundwa kwa nyuzi nyingi ndogo, na kila unaporusha chambo ufa ule unakata chache. Kwa nje uzi unaonekana umechakaa kidogo tu. Kisha samaki anauma, wewe unavuta kwa nguvu, mzigo wote unashuka kwa mpigo mmoja kwenye pete ya nchani, pale uzi unapokunja kona kali kuliko kwingine kote. Hapo ndipo unapokatika.

Pete za bei ya chini kabisa hazina kauri. Ni waya uliopakwa kromu. Kromu inalika, uzi unachimba mfereji, na kingo za mfereji huo zinafanya kazi ileile ya ufa.

Namna ya kukagua dukani ni rahisi na inataka pamba ya masikio tu. Pitisha pamba ndani ya kila pete, uizungushe duara zima, usiishie upande wa chini. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, fimbo hiyo iache. Anza na pete ya nchani, kwa kuwa ndiyo inayoumia kwanza. Halafu bonyeza kila kauri kwa kidole gumba. Inayocheza dukani itadondoka ziwani. Unganisha vipande vyote viwili, weka jicho upande wa mpini na utazame kuelekea nchani: pete zote zikae mstari mmoja.

Hesabu pete pia. Fimbo ya futi saba inatakiwa iwe na pete kama nane bila kuhesabu ya nchani. Zikiwa nne au tano, pitisha uzi kwenye pete zote, mwambie mtu aushike, upinde fimbo. Utaona uzi unakatisha moja kwa moja kutoka pete hadi pete badala ya kufuata mpindo wa fimbo. Fimbo ya namna hiyo inabeba mzigo kwenye sehemu chache, nguvu ya mkono wako inapotea njiani, na ni rahisi kuvunjika.

Muuzaji asiyetaka uondoe plastiki ya nchani ili ukague, muage.

Sasa herufi zilizoandikwa juu ya mpini. Fimbo nyingi zinazotufikia zimeundwa kwa ajili ya besi wa Marekani, samaki ambaye hayumo Tanganyika. Kwa majirani, Ziwa Naivasha la Kenya linaye, naye alipelekwa huko na watu. Herufi M, MH na H zinaonyesha nguvu ya fimbo, kutoka ya wastani hadi nzito, na pembeni yake huwa pameandikwa uzito wa uzi na wa chambo ambao fimbo inauweza. Herufi hizo zinatufaa vizuri, kwa sababu kuhe, ambaye anaweza kufikia karibu sentimita 80, anawinda samaki wenzake na anakivamia chambo bandia kama afanyavyo besi. Kwa kuhe chukua M au MH. Kwa mgebuka, ambaye ni mdogo zaidi, M ni nyingi ya kutosha. Sangala wa kina kirefu anataka H, au fimbo fupi ya boti.

Kati ya M na MH, usichague kwa ukubwa wa samaki unayemtamani. Chagua kwa ndoano utakayoifunga, maana ndoano ndiyo inayoamua mkono wako uvute vipi.

Jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi, au chambo cha mpira chenye ndoano moja nene kinataka MH inayopinda nchani tu. Samaki akiuma, usivute hapohapo. Shusha ncha ielekee majini, zungusha rili haraka mpaka uusikie uzito wake, ndipo unyanyue fimbo kwa nguvu moja, ikomee usawa wa bega, huku rili ikiendelea kuzunguka. Kuvuta uzi ukiwa umelegea ni kosa lenye hasara mbili: nusu ya nguvu inaishia kuukaza uzi, na uzi unapokazika ghafla unaipiga pete ya nchani. Hapo pete yenye ufa haikusamehi.

Chambo chenye ndoano za meno matatu, kama vile samaki bandia wa kuogelea, kinataka M inayopinda mpaka katikati. Meno yake ni membamba na yanaingia kwa nguvu kidogo. Endelea kuzungusha rili, kisha peleka fimbo kando, chini chini, bila kushtua. Ukikita, yaani ukivuta kwa nguvu ili ndoano izame, kama wa jigi, kwa fimbo ngumu na uzi wa kusuka, utapanua tundu mdomoni au utanyoosha meno ya ndoano, na samaki atachomoka karibu na boti. Chambo cha juu ya maji ni hivyohivyo, ila ngoja kwanza uzito ufike mkononi. Ule mrusho wa maji usikuharakishe.

Kwa ndoano ya duara yenye dagaa mzima, usikite kabisa. Zungusha taratibu, mzigo uongezeke, ndoano itajikamata yenyewe kwenye kona ya mdomo.

Uzi nao una neno lake. Nailoni inanyumbuka. Samaki akiuma umbali wa mita 40, sehemu kubwa ya mvuto wako inamezwa na mnyumbuko kabla ndoano haijasogea, kwa hiyo nailoni inataka fimbo ngumu zaidi na mvuto mrefu zaidi. Uzi wa kusuka haunyumbuki karibu kabisa, hivyo fimbo laini inatosha. Maji yetu ni maangavu, kwa hiyo mbele ya uzi wa kusuka funga kipande cha florokaboni, uzi usioonekana kirahisi majini, lakini iwe fupi kuliko umbali kati ya ncha ya fimbo na rili, ili fundo lisiingie rilini. Ikiwa kama sentimita 60, fundo linabaki nje ya pete ya nchani wakati wa kurusha. Fundo nene linalogonga pete kwa kasi, siku nzima, linaweza kuing'oa kauri.

Na breki ya rili ipime kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia samaki pale mwaloni. Iachie uzi kwenye robo ya nguvu ya uzi au zaidi kidogo: kwa uzi wa paundi 20 ni kama kilo 2.3 mpaka 2.7. Wengi wanaikaza mpaka mwisho, halafu wanashangaa.

Sasa fimbo zenyewe za kununua. Nafasi ya kwanza naipa Ugly Stik GX2, futi saba, vipande viwili, MH. Na M kwa anayerusha zaidi samaki bandia. Sifichi upendeleo wangu. Pete zake hazina kauri wala kiungo cha kung'oka: kila pete ni kipande kimoja cha chuma kisichoshika kutu. Ukiigonga kwenye boti, hakuna duara la ndani la kupasuka. Mwili wake umechanganya grafaiti na faibaglasi, na ncha yake ni ya faibaglasi ngumu isiyo na uwazi ndani, kwa hiyo inastahimili mikono ya watu wengi. Chapa ya Ugly Stik, ya kampuni ya Shakespeare, ipo tangu 1976. Ni nzito kuliko nyingine, kweli. Mgongano mdogo wa samaki chini kabisa hautausikia vizuri. Na kwa kuwa inapinda taratibu kidogo, iunganishe na uzi wa kusuka, si nailoni. Kwa ziwa la mawe na mitumbwi ya mbao, bado ndiyo ninayoisimamia.

Ya pili ni fimbo ya Shimano au Daiwa yenye pete za Fuji, kampuni ya Japani inayosifika kwa pete. Hii ni nyepesi, inasikia kila kitu, na kwa jigi inayoshushwa wima kwenye kina inaishinda ya kwanza. Lakini inataka mfuko wa kila pete na bomba la plastiki linaloitosha safarini. Hapa pana ujanja wa wauzaji unaoniudhi kwelikweli. Anakuonyesha neno Fuji limeandikwa kwenye kiti cha rili, unafurahi, unalipa. Kiti cha rili ni cha Fuji, pete ni za kiwanda kisichojulikana. Fimbo nyingi zimeundwa hivyo, na si kosa la kiwanda ikiwa kimeandika wazi; kosa ni la anayeuza anaponyamaza. Tazama alama kwenye chuma cha pete zenyewe.

Ya tatu, kwa mwenye boti anayekokota chambo nyuma akimtafuta sangala, ni fimbo fupi ya faibaglasi ya futi sita, nzito. Haina mengi. Pete ya nchani ikiwa ya kuzunguka na gurudumu, hakikisha uzi hauingii kati ya gurudumu na ubavu wake. Uzi mwembamba wa kusuka unanasa hapo.

Fimbo za kukunjua kama eriali ya redio ni rahisi na zinaingia begini. Pete zimegundishwa kwenye miisho ya vipande, vipande vinazunguka na mstari unapotea, mchanga ukiingia havifungi tena, na ukikita kwa nguvu fimbo inajirudisha ndani. Kama pesa ndiyo hiyo tu, nunua mshipi wa mkono mzuri na ndoano kali. Watu wa Ujiji wanaleta samaki nyumbani kwa mshipi wa mkono, na hauna pete ya kukudanganya.

Nizungumzie na bei. Fimbo inayouzwa Marekani kati ya dola 40 na 60 ikifika Kariakoo imeshapanda, na ikifika Kigoma imepanda tena. Umbali ni umbali, ushuru ni ushuru, naelewa. Nisichokielewa ni faibaglasi iliyopakwa rangi nyeusi ikaitwa "kaboni", wala seti ya fimbo, rili na kisanduku cha vyambo inayouzwa kwa bei ya fimbo nzuri peke yake. Wala "mali ikishauzwa hairudishwi" kwa mzigo uliotumwa kwa basi ukiwa umevunjika ncha. Kabla ya kutuma pesa, dai picha ya pete ya nchani iliyopigwa karibu, dai bomba la plastiki, na mkubaliane kwa maandishi nani anabeba hasara ikivunjika njiani. Anayekataa yote matatu ameshakujibu.

Pamoja na fimbo nunua pete mbili za nchani za akiba na kipande cha gundi ya kuyeyusha. Pima unene wa ncha ya fimbo yako. Pete ya akiba iingie bila kulazimishwa na bila kupwaya. Ya zamani ikipasuka, pasha shingo yake kwa kiberiti cha gesi kwa sekunde chache, uivute moja kwa moja kwa koleo bila kuisokota. Usiuache moto uguse mwili wa fimbo, hasa wa grafaiti, maana joto linaudhoofisha na utakatikia hapo. Safisha gundi ya zamani, yeyusha mpya, paka nchani, ingiza pete na uinyooshe na zile nyingine kabla haijapoa. Usitumie gundi ya kukauka papo hapo. Siku pete hiyo nayo ikipata ufa, kuitoa kutakuwa vigumu na unaweza kuvunja ncha.