Intaneti ya nyumbani inakatakata? Nunua kwa mpangilio huu

Mama yangu mdogo anayekaa Tabata alinunua ripita mbili kwa mpigo. Faiba yake iko sebuleni, ila chumbani simu ilikuwa inazunguka tu, na muuzaji wa Kariakoo alimhakikishia kwamba hiyo ndiyo dawa. Nilipokwenda kumsalimia nikakuta zote mbili zimechomekwa chumbani, pale pale mtandao usipofika. Ripita hurudia kile inachokipokea, na pale ilikuwa haipokei kitu. Tukazichomoa, tukanunua waya wa mita 20 wa kuisogezea ruta, na jioni ile ile akaongea kwa video na wajukuu bila kukatika.

Inaniuma kuona watu wanatoa hela namna ile. Kwa hiyo nimepanga vifaa hivi kwa mpangilio ambao ningevinunua mimi. Lakini kabla hujatoka nyumbani, pima kwanza, maana nusu ya matatizo haya hayahitaji kununua kitu.

Anza na taa za kiboksi cha faiba. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwako. Angalia kama ule waya mwembamba umebanwa na kabati au umekunjwa kona kali, kisha ipigie simu kampuni yako. Ruta mpya haitabadilisha chochote. Taa zikiwa sawa, simama karibu na ruta upime kasi, halafu pima tena ukiwa chumbani. Ikiwa ni nzuri sebuleni na mbovu chumbani, tatizo liko ndani ya nyumba na unaweza kulinunulia dawa. Ikiwa ni mbovu kote, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Ikibaki mbovu, mara nyingi kasoro iko nje ya geti lako. Wakati mwingine iko mbali zaidi: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama ile, hakuna kifaa cha dukani cha kukusaidia.

1. Waya wa LAN

Huu, waya wa kuunganisha ruta na vifaa vingine, ndio wa kwanza, na sina shaka nao. Waya wa daraja la Cat 5e unabeba Gbps 1, yaani Mbps 1,000, hadi mita 100, na Cat 6, daraja la juu yake, ni nafuu ya kutosha siku hizi kwamba ningechukua huo. Waya unakupa nafasi ya kuitoa ruta pembeni mwa nyumba na kuiweka katikati, juu ya kabati, mbali na friji na tanki la maji. Unakupa pia nafasi ya kuchomeka TV na kompyuta moja kwa moja, ili waifai ibaki kwa ajili ya simu.

Ujanja wa sokoni uko kwenye kilichomo ndani. Nyaya nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa alumini iliyopakwa shaba juu. Omba kipande, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini: hukatika upesi ukipindwa na hupoteza nguvu kwenye umbali mrefu. Unataka shaba tupu, nyekundu hadi ndani. Fundi akimaliza kubana vichwa, mwambie apime nyuzi zote nane. Zikishika nne tu, utaishia Mbps 100 hata ukilipia kifurushi kikubwa zaidi.

2. UPS ndogo ya ruta

UPS ni betri inayoiweka ruta hewani umeme ukikatika. Watu wengi wanaolalamika kwamba mtandao unakatika, kinachokatika kwao ni umeme. Si lazima uzimike kabisa. Ukicheza mara moja tu, ruta inajizima na kuwaka upya, na unakaa dakika kadhaa ukingoja huku mkutano wako unaendelea bila wewe.

Soma maandishi kwenye adapta ya ruta. Nyingi ni volti 12, na ampea 1 au 2. Nyingine ni volti 9. Ukikosea volti unaweza kuiunguza ruta. Kama kiboksi cha faiba na ruta ni vitu viwili, tafuta UPS yenye matundu mawili ya kutolea umeme, kwa sababu kuwasha kimoja na kuacha kingine hakusaidii.

Usidanganyike na namba kubwa ya mAh kwenye boksi. Mara nyingi imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. UPS ya mAh 10,000 ina takriban saa-wati (Wh) 37, na sehemu yake hupotea njiani. Kwa ruta inayokula wati 10, tarajia saa tatu hivi.

3. Ruta ya pili mwishoni mwa waya

Ukishavuta waya hadi chumba cha mbali, weka kituo kingine cha waifai huko. Kabla ya kununua kipya, fungua droo: ruta ya zamani inaweza kufanya kazi hii. Izimie kazi ya kugawa anwani, yaani DHCP, ipe anwani yake isiyogongana na ya ruta kuu, kisha ipe jina na nywila zile zile za waifai. Kwenye masafa ya 2.4 GHz weka moja kwenye chaneli 1 na nyingine kwenye 6 au 11, ili zisipigiane kelele.

4. Meshi

Hii ni seti ya vituo vya waifai vinavyoongea vyenyewe bila waya. Ni kwa nyumba ya ghorofa au ya kupanga ambako mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta. Ni nzuri kweli, ila ni ghali, na zege lenye nondo huipunguzia nguvu kama linavyoipunguzia ruta yoyote. Chukua yenye tundu la LAN kwenye kila kipande, ili siku ukipata ruhusa ya kupitisha waya uziunganishe.

5. Ripita

Ya mwisho. Ile ya masafa mamoja hupokea na kutuma kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Ukilazimika, nunua yenye 2.4 na 5 GHz na uichomeke katikati ya safari, mahali ambapo simu yako bado inasoma vizuri.

Wenye ruta ya laini ya simu

Hawa wana njia yao. Isogeze ruta dirishani upande wa mnara, kisha fungua ukurasa wake kwa simu, aghalabu 192.168.8.1 au 192.168.1.1, utafute RSRP, namba ya nguvu ya mawimbi ya mnara. Kwenye -85 uko vizuri. Ikifika -110 unateseka. Hapo ndipo kununua antena ya nje kunaeleweka. Hakikisha ruta ina matundu ya antena na ujue aina yake, SMA au TS9, maana haviingiliani. Waya wa antena ukiwa mrefu hula mawimbi, kwa hiyo mimi ningependelea ruta ya nje yenyewe, inayofungwa juu ya paa na kushusha waya wa LAN. Na kama laini yako ni ya zamani, kabla ya enzi ya 4G, ibadilishe kwanza dukani kwa kampuni yako.

Usinunue

Vile viboksi vya kuongeza netiweki ya simu vinavyouzwa bila idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Vikifanya kazi vibaya vinapiga kelele kwenye masafa ya mnara, na jirani ambaye hajui ulichofunga ndiye ambaye simu zake zinakatika. Kama tatizo lako ni simu kutoshika ndani ya nyumba yenye waifai nzuri, ingia kwenye mipangilio ya simu utafute sehemu ya kupiga kupitia waifai, kisha ulize kampuni yako kama inaikubali.

Dukani, iwe Kariakoo Mtaa wa Aggrey au Luthuli kule Nairobi, nenda na adapta yako mkononi na picha ya matundu ya ruta. Kifaa kiwashwe mbele yako kabla hujalipa, na risiti iandikwe siku ngapi unaruhusiwa kukirudisha.