Ukija Dar ulale wapi: kuanzia hema la Kigamboni mpaka hoteli ya Kilimanjaro

Mi nashuka Dar kutoka Iringa karibu kila baada ya miezi miwili kufata mzigo wa duka, na mara mojamoja nakuja na familia, kwahiyo nimelala kila aina ya chumba mji huu. Watu wakiniuliza "gesti gani nzuri Dar" mi nawauliza kwanza umekuja kufanya nini na kesho unatakiwa uamke saa ngapi. Dar ni kubwa aisee, na foleni haina huruma, chumba kizuri kikikaa upande usio wako kinakula siku nzima.

Hili nililijua kwa uchungu. Tulikuwa tunaenda Zanzibar na watoto, boti ya saa 1 asubuhi, nikachukua hoteli moja maeneo ya Mbezi Beach kwasababu picha zilikuwa nzuri na bei ilikuwa nafuu, wakaniahidi gari la saa 10 alfajiri. Saa 10 kimya, saa 11 kimya, mapokezi amelala, simu ya dereva haipatikani, mvua inanyesha, tukapata bajaji saa 12 kasoro na pale Mwenge tukakaa mpaka nikaona hapa boti hatuikuti. Tulifika bandarini boti inaondoka. Mtoto wa mwisho alilia mpaka akalala. Hela ya gari hawakunirudishia na hata pole hawakusema, hilo ndo liliniuma zaidi.

Kwahiyo kama ni boti lala mjini, Posta, Kisutu au Kariakoo, uamke uende na begi lako kwa bajaji dakika chache. Mtaa wa Libya na mitaa ya jirani kuna hoteli za kawaida zilizozoea wasafiri, na ukishuka tu chini unapata chai na vitumbua. YMCA na YWCA nazo zipo mjini miaka na miaka, vyumba vya kawaida sana ila pametulia, mtu anaesafiri peke yake hasa dada zetu anakuwa na amani.

Kariakoo ndo nyumbani kwangu. Gesti za pale zinafanana, unaingia unaandika kwenye daftari jina, kabila, unatoka wapi unaenda wapi, unapewa ufunguo wenye kibao cha mti. Ndani kitanda, neti imefungwa fundo juu, feni, taulo limekunjwa na kipande cha sabuni juu yake, ndala mbili chini ya kitanda. Chumba cha self (choo na bafu humohumo ndani) chenye AC mara ya mwisho nililipa 35,000, cha feni kinashuka hapo. Sasa sikiliza, kabla hujatoa hela ingia bafuni ufungue bomba, uache maji yatoke kidogo afu onja tone moja ulimini. Sehemu nyingi Dar wanatumia maji ya kisima na kisima cha huku ni chumvi tupu, sabuni haitoi povu, unaoga unatoka unanata, na kama una mtoto mwenye ngozi nyepesi atajikuna usiku kucha. Ukikuta maji baridi (namaanisha yasiyo na chumvi) mshukuru Mungu ulipie siku zote kabisa. Na omba chumba cha nyuma. Cha mbele utasikia selotepu mpaka usiku wa manane, vijana wanafunga maboksi ya mikoani, kraaa, kraaa, na wakimaliza wao inaanza adhana.

Basi la mkoani siku hizi ni Mbezi Luis, stendi ya Magufuli, kule lodge zipo kibao, lala hukohuko kama unaondoka alfajiri. Hasa masika, maana mvua kubwa ikinyesha Jangwani panajaa maji, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na wewe uliyelala Kariakoo hufiki. Ndege nayo lala Kipawa au Tabata, usijipe presha.

Haya, kama umekuja kupumzika, vuka Kigamboni. Pantoni pale Feri ni shilingi 200, unasimama ubavuni na watu wa baiskeli na ndoo za samaki, dakika chache umevuka na joto la mjini umeliacha. Wenye gari mnaweza kupita Daraja la Nyerere, la 2016. Ufukwe wa huko Mjimwema kuna sehemu inaitwa Kipepeo na jirani zake, wana banda za makuti na sehemu ya kupiga hema, ndo wanapokujaga wale wazungu wa malori makubwa wanaozunguka Afrika. Mi nilipiga hema na wanangu wawili. Chukua hema lenye wavu mzuri sababu mbu wapo, na uliweke kwenye kivuli, Januari na Februari saa 2 asubuhi tu ndani ya hema ni kama tanuri. Ila ule upepo wa usiku, na watoto kuamka wakakimbilia majini kabla hata ya kunawa uso, sikumbuki hoteli iliyowahi kunipa hicho kitu.

Mbudya pia unaweza kulala, boti zinatokea Kunduchi, kile kisiwa ni hifadhi ya bahari kwahiyo kuna ada. Beba maji ya kunywa ya kutosha. Samaki utakaangiwa hapohapo.

Nyota tano nimelala mara moja, semina tuliyolipiwa, hoteli ya Kilimanjaro pale Kivukoni, iliyofunguliwa 1965 na sasa iko chini ya Hyatt. Kiukweli ni pazuri. Kitanda, ukimya, maji yanayotoka kwa nguvu, chai ya asubuhi inayokushibisha mpaka jioni. Nilisimama dirishani muda mrefu nikiangalia pantoni linaenda linarudi Kigamboni, taa zake juu ya maji. Kwa hela yangu nisingelipa, lakini kwa fungate au kumpumzisha mzazi aliyechoka, kama unayo toa, haitakuuma. Serena nayo ipo palepale mjini, na anaetaka kulala juu ya bahari kabisa aende Sea Cliff, Masaki, ila ajue kutoka Masaki kuja Kariakoo jioni ni safari.

Mi mwezi ujao nashuka tena. Nshapiga simu gesti, chumba cha nyuma, ghorofa ya 3, na dada wa mapokezi kaniambia tangi la maji baridi wamelijaza.