Uzoefu wangu na ruta ndogo ya Linux inayowaka kutoka kwenye flashi

Ruta hii niliichagua kwa sababu U-Boot yake, yaani programu inayotangulia kuamka kabla ya mfumo wenyewe, ina uwezo wa kusoma tundu la USB. Kwa hiyo Linux nzima inaweza kukaa kwenye flashi badala ya kubanwa ndani ya chipu ya megabaiti 16 iliyo kwenye bodi. Kazi ya kusambaza intaneti inaifanya vizuri na sina la kuilalamikia. Ninachotaka kukieleza ni namna inavyowaka.

Nilipoiwasha upya kwa amri ya reboot, ilirudi bila shida. Nilipokata umeme na kuurudisha, taa moja tu ilibaki ikiwaka na mtandao haukutokea. Tofauti hiyo ni dalili ya kuzingatiwa kabla ya mtu kukimbilia kununua flashi nyingine, kwa sababu ruta inapowashwa upya kwa amri, tundu la USB mara nyingi halikatiwi umeme na flashi inakuwa tayari macho, ilhali umeme ukikatika kabisa nayo inaanza upya kutoka mwanzo.

Taa za mbele hazikusaidia kitu, hivyo nilifungua kasha na kuunganisha waya za konsoli ya seriali, yaani njia ya kusomea kwenye kompyuta ujumbe ambao ruta inautoa inapowaka. Hapa mtengenezaji anastahili sifa: pini zipo wazi na zimeandikwa majina, jambo ambalo kwenye ruta za bei nafuu huwa ni bahati. Kasi ni biti 115200 kwa sekunde na umeme wa pini ni volti 3.3, adapta ya volti 5 inaweza kuunguza chipu, na pini ya umeme yenyewe haina haja ya kuunganishwa, kwa kuwa zile mbili za data pamoja na ya ardhi zinatosha. Kwenye skrini nikaona U-Boot ikiisoma flashi, ikipakia kerneli, yaani kiini cha Linux, na kuianzisha, kisha baada ya mistari mingi kerneli ikakata tamaa kwa ujumbe huu: «VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)», yaani imeshindwa kuufungua mfumo mkuu wa faili.

Mtu anaweza kushangaa: flashi iliyosomwa muda mfupi uliopita imepotelea wapi? Haikupotea. U-Boot ina kiendeshi chake cha USB, yaani programu ya kuzungumza na kifaa, na kerneli ikishika usukani hairithi chochote katika kazi hiyo, bali inaanza kuitambua flashi upya. Isitoshe, kiendeshi cha hifadhi za USB ndani ya Linux kwa kawaida husubiri sekunde 1 kabla ya kukigusa kifaa kipya, na baadhi ya flashi huongeza ucheleweshaji wao juu ya hapo. Kerneli ambayo haikuambiwa isubiri hupiga hodi mara moja na kwenda zake kabla mwenyeji hajafika mlangoni. Sufuri mbili katika ujumbe ule zinaonyesha kwamba diski haikuwa imeonekana kabisa. Laiti mfumo wa faili ungekuwa ndio ulioharibika, diski ingeorodheshwa na malalamiko yangekuwa mengine.

Dawa ni neno moja, rootwait, linaloongezwa kwenye bootargs za U-Boot, yaani maagizo ambayo U-Boot huipa kerneli inapoianzisha, nalo huifanya kerneli isubiri mpaka diski ijitokeze. Wapo wanaotumia rootdelay na idadi ya sekunde, lakini huko ni kubahatisha, kwani flashi ya kesho inaweza kuchelewa kuliko ya leo. Ni busara kubadilisha kwa amri ya U-Boot ya setenv, kuwasha mara moja ili kuona matokeo, na ndipo kuhifadhi kwa saveenv. Kama baada ya hapo ruta inasubiri milele bila kuonyesha diski, yafaa kushuku kwamba kiendeshi cha USB hakikujengwa ndani ya kerneli bali ni moduli, yaani kipande cha kupakiwa baadaye, iliyohifadhiwa kwenye flashi ileile isiyoweza kufunguliwa bila hicho kiendeshi. Kerneli iliyokuja na ruta yangu ilikuwa nacho, na tangu nilipoongeza neno lile inawaka hata baada ya umeme kukatika ghafla.

Nilibadilisha pia root=/dev/sda2, agizo linaloionyesha kerneli sehemu ya diski (patisheni) yenye mfumo, kuwa PARTUUID, yaani kitambulisho cha kudumu cha patisheni husika, maana majina ya sda na sdb hufuata mpangilio wa vifaa vinavyojitokeza, na diski ya pili ikichomekwa yanaweza kugeuka. UUID ya mfumo wa faili, yaani kitambulisho kilichoandikwa ndani ya mfumo huo wenyewe, haifai mahali hapa, kwa kuwa kerneli isiyo na initramfs (mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu kabla ya ule mkuu) haiwezi kuitafuta.

Kinachonikera ni kwamba kifaa kinauzwa kwa sifa ya kuwaka kutoka USB, lakini mpangilio wake wa kiwandani hauna rootwait, na mnunuzi asiye na adapta ya seriali atakirudisha dukani akiamini ni kibovu. Kwa anayeijua kazi hii, bado ningempendekezea ainunue. Awe tu na kebo fupi ya kurefushia USB, kwa sababu vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele katika masafa ya 2.4 GHz, na tundu la ruta hii liko karibu mno na antena.