Umerudi na majaketi matano: lipi libaki, lipi liondoke

Kipupwe kikianza kuuma mwezi Juni, watu wa Arusha, Mbeya na Njombe hununua majaketi kwa mkupuo, mengine dukani, mengine kwenye mitumba kama pale Memorial, Moshi, na muda si mrefu kabati halifungi. Kabla ya kuangalia rangi, vaa kila moja juu ya shati lako la kila siku, simama mbele ya kioo, tazama bega. Mshono ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Fundi cherehani atakupunguzia urefu wa mkono bila taabu, lakini kurekebisha bega ni kufumua jaketi karibu lote. Bega likikataa, liondoke, hata kama ulilipata kwa bei ya kutupa. Na kwa kuwa risiti nyingi za maduka yetu husema mali ikishauzwa hairudishwi, kuondoka maana yake ni kumuuzia rafiki au kumpa mdogo wako.

Yaliyopita mtihani huo nayapanga hivi.

La kwanza ni la jinzi. Linafuliwa nyumbani, linastahimili miaka, na likipauka ndiyo kwanza linapendeza. Soma lebo ya ndani: pamba tupu, au karibu tupu, hukaa vizuri kuliko lile linalovutika sana, ambalo hulegea viwikoni. Mahali pake hasa ni juu ya gauni la kitenge. Liwe fupi, liishie kiunoni, ukunje mikono mara mbili, uache wazi vifungo vyote ili kitenge kionekane. Ukilivaa na suruali ya jinzi, rangi zitofautiane waziwazi; zikikaribiana bila kufanana, utaonekana umekosea suti.

La pili ni bleza nyepesi isiyojazwa mabegani, hasa ya bluu iliyokolea. Tisheti nyeupe, kadeti, raba safi, umemaliza. Ukibadilisha tisheti kwa shati, unaingia ofisini au kanisani.

La tatu ni bomber, jaketi lililotokana na mavazi ya marubani wa kijeshi. Ule ufumo wa mpira kiunoni na mikononi unazuia upepo, kwa hiyo anayepanda bodaboda alfajiri alipandishe hadi nafasi ya kwanza. Vuta ufumo huo kisha uachie: usiporudi, jaketi limechoka. Funga na kufungua zipu mara kadhaa pia, maana zipu ikianza kuruka meno siku ya kwanza haitapona.

La nne, la ngozi, ndilo linalowaliza watu. Mengi yanayoitwa ya ngozi ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na kwenye joto na unyevu wa pwani hubanduka magamba, ukosi na viwiko vikitangulia, hata likiwa limening'inia tu kabatini. Geuza mfuko au tafuta ukingo uliokatwa. Ukiona nyuzi za kitambaa upande wa nyuma, ni la plastiki. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi laini zisizo na mpangilio. La plastiki uliuze likiwa bado jipya. La ngozi halisi libaki hata kama utalivaa mara chache: litundike kwenye henga pana, usilifunge ndani ya mfuko wa nailoni maana litaota ukungu. Livae na vitu vya rangi moja visivyo na maua.

La mwisho ni lile nene la kujazwa. Dar es Salaam halina kazi. Makete au Njombe mwezi Julai, au kwa anayejiandaa kupanda Kilimanjaro, linarudi juu kabisa ya orodha. Kwenye mvua chagua lililojazwa nyuzi za poliesta, kwa sababu manyoya ya bata yakilowa hushikana na joto hupotea. Chini yake vaa suruali iliyobana kidogo, na usiongeze sweta nene ndani: likibanwa sana, ile hewa inayotunza joto haina pa kukaa.