Kiti Chepesi cha Kambini: Kipi Kinastahili Kubebwa Mgongoni?

Gogo la kukalia halikosekani kambini, na jiwe pia lipo. Kinachokosekana ni pa kuegemea, na mgongo uliobeba begi tangu alfajiri hautaki kingine. Ndiyo maana katika mpangilio huu nimevitanguliza viti vyenye egemeo, hata pale ambapo kigoda kingekuwa chepesi zaidi.

Kiti cha kukunja cha kupakia garini huwa na kilo tatu au zaidi. Vya kubeba mgongoni vimeshushwa hadi nusu kilo hivi. Uzito huo umekatwa mahali fulani: kwenye urefu wa miguu, kwenye unene wa kitambaa, kwenye egemeo, au miguu yote imeondolewa. Kabla hujalipa, hakikisha unajua umekatwa wapi, kwa sababu hapo ndipo kiti kitakapokusumbua.

Nafasi ya kwanza naipa aina ya nusu kilo yenye fremu ya fito za alumini. Vinavyofahamika zaidi ni Helinox Chair Zero, chenye takriban gramu 500 na uwezo wa kubeba mtu wa kilo 120, na Flexlite Air cha kampuni ya REI, chepesi kidogo zaidi, kinachobeba hadi kilo 113 hivi. Fito zimepitishiwa kamba ya lastiki ndani. Ukizitikisa zinaanza kuingiana zenyewe. Kisha unavisha kitambaa, kila ncha ya ufito na mfuko wake pembeni. Pembe ya nne ndiyo hugoma, kwa kuwa kitambaa kimeshakaza, na hapo mtu huivuta kwa nguvu zote. Basi dukani anza kukagua pembe hizo. Ncha ya ufito inasukuma mshono kila unapokaa, kwa hiyo tafuta kitambaa kilichoongezwa tabaka la pili na kushonwa mara kadhaa. Kitambaa cha katikati hata kikiwa chembamba si neno. Pembe ikichanika, kiti hakikaliki tena.

Vilevile ujue kwamba viti hivi ni vifupi. Kikalio cha Chair Zero kiko kama sentimita 28 kutoka ardhini, na kinabonyea zaidi ukishakaa. Mwenye magoti mabovu atapumzika vizuri, kisha atahangaika kuinuka. Pia miguu yake ni myembamba, hivyo kwenye mchanga au udongo uliolowa inazama, na ya nyuma hutangulia kwa sababu ndiko uzito unakoegemea. Unajikuta unaangukia mgongo. Zipo shuka maalumu za kutandika chini ya miguu, na zipo soli za mpira zenye umbo la mpira wa kuchezea. Vyote vinaongeza gramu, kwa hiyo vijumlishe kwenye uzito unapolinganisha. Mawe mawili bapa chini ya miguu ya nyuma yanasaidia bila kuongeza kitu kwenye begi. Na usijiyumbishe kwa miguu ya nyuma peke yake. Fremu hizi hazikuundwa kwa hilo.

Cha pili ni kiti kisicho na miguu, ambacho kwa maoni yangu kinadharauliwa bure. Crazy Creek wamekuwa wakikitengeneza tangu 1987: mapande mawili yenye sponji, kikalio na egemeo, yameunganishwa kwa mikanda ya pembeni. Uzito wako mwenyewe ndio unaovuta mikanda na kulisimamisha egemeo. Hex 2.0, mojawapo ya viti vyao, kina zaidi kidogo ya gramu 600. Hakizami mchangani, unakaa nacho juu ya mwamba au ndani ya hema, na usiku unakitandika chini ya godoro ukapata kinga zaidi dhidi ya baridi ya ardhi. Shida ni kwamba miguu yako inanyooka mbele, na ambaye misuli ya nyuma ya mapaja yake imekaza atachoka mapema.

Cha tatu ni mfuko wa kugeuza godoro la kujaza upepo kuwa kiti, kama Trekker wa Therm-a-Rest. Ni mwepesi kuliko vyote vyenye egemeo hapa, kwani godoro umeshalibeba tayari. Angalia upana wa godoro lako kabla ya kununua, maana si kila saizi inaingia. Mimi nausogeza nyuma kwa sababu moja: mwiba ukipenya jioni, umepoteza kiti na kitanda kwa pamoja.

Kigoda cha miguu mitatu ni cha nne. Hakiyumbi kwenye ardhi isiyo sawa kwa kuwa miguu mitatu hugusa chini daima, na kinamfaa anayepika na kuinuka mara kwa mara. Egemeo hakina.

Viti vya kilo moja, kama Helinox Chair One, vina egemeo, ila kwa uzito wao nimeviweka mwisho kwa anayehama kambi kila siku. Lakini kama una mwili mkubwa, wewe anza na hivyo: Chair One kinabeba hadi kilo 145. Kikomo cha uzito kisichezewe kwa ajili ya kuokoa gramu.

Aina yoyote utakayochagua, iweke mbali na cheche za moto, kwani vitambaa hivi vinatoboka papo hapo, na upepo ukivuma usiku kilaze kiti chini. Ukiwa dukani, kikalie dakika kumi nzima huku umevaa viatu vyako vya safari, uinuke bila kushika kitu, halafu ukifungue na kukirudisha mfukoni mwake wewe mwenyewe, bila muuzaji kukusaidia.