TAHADHARI: Jamaa anayeuza katriji (kichwa cha kusomea santuri) ya Shure V15 "haijatumika". Msitume hela

Wakuu, nimepigwa laki nne na nusu. Najua humu kuna wengine wanaowinda hivi vitu, hivyo naandika kabla hajawafikia.

Jamaa anadai yuko Arusha. Alitangaza Shure V15 Type III, ya marehemu mzee wake, haijawahi kutumika, na sindano yake ile ile ya kiwandani, VN35E. Picha zote zilipigwa kwa juu, ncha ya sindano haionekani. Nikaomba picha ya ubavuni, akajibu simu inazima chaji na kuna mtu wa Moshi yuko njiani na hela mkononi. Hapo ningeachana naye. Tamaa ikanishika, nikatuma.

Mzigo nikauchukua stendi ya Magufuli. Mwili ni wa V15 kweli. Sasa sindano! Haina jina la Shure popote, na plastiki yake ina mabaki pembeni kama ndoo ya bei chee. Nikaweka santuri, ikalia kushoto tu. Usiku mzima nahangaika na nyaya zangu bure. Asubuhi fundi redio akagusisha mita: pini nyeupe na buluu, za kushoto, zinasoma; nyekundu na kijani, za kulia, mshale haukutikisika. Koili ya kulia (waya mwembamba uliosokotwa unaotoa sauti) imekatika ndani.

Nilipompigia akasema "iliondoka kwangu nzima, umeiunguza mwenyewe", kisha akaniblock.

Shure waliacha kutengeneza katriji na sindano mwaka 2018, kwa hiyo neno "ya kiwandani" ndilo linalopandisha bei. Sindano mbadala si dhambi. Za JICO wa Japani ni nzuri na ningelipia, ila itajwe kwa jina lake. Kabla ya kutuma hela dai picha ya ncha kwa ubavu, pembeni pawe na karatasi yenye tarehe ya leo, na video ya mita ikipima jozi zote mbili za pini. (Katriji kama Denon DL-103, ambazo koili ndiyo inayotembea na sindano, msizipime hovyo, nyaya zake ni laini mno.)

Juzi kaitangaza tena, picha zile zile, sasa laki tano. Angalieni karibu na tundu la skrubu la kushoto, kuna mkwaruzo kama namba 7. Katriji yenye mkwaruzo huo iko hapa mezani kwangu.