Mablanketi ya viraka ya Project Linus: ukaguzi wa fundi cherehani

Kitu kinachotolewa bure kwa mtoto mgonjwa kwa kawaida husifiwa kabla hakijakunjuliwa, na hilo ndilo lililonifanya mimi, ninayeishi Marekani na kupata riziki yangu kwa cherehani, niyatazame mablanketi haya kama ambavyo ningeitazama kazi ya kulipwa.

Project Linus, mpango wa hisani wa kuwagawia watoto mablanketi, ulianza mwaka 1995 katika jimbo la Colorado, baada ya Karen Loucks kusoma habari za mtoto mdogo mwenye saratani ya damu ambaye blanketi lake lilimsaidia kuyastahimili matibabu makali ya dawa. Bi Loucks aliamua kupeleka mablanketi yaliyotengenezwa nyumbani katika kituo cha saratani ya watoto mjini Denver. Jina alilitoa kwa Linus, mtoto wa katuni za Charles Schulz asiyekubali kutengana na blanketi lake. Tangu hapo yamekwisha kugawiwa mablanketi zaidi ya milioni 8 kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 18, ambao ni wagonjwa sana, wamepatwa na msiba au wana shida nyingine, na kazi yote hufanywa na watu wa kujitolea katika matawi ya mitaani. Niliyoyashika mwenyewe yalitoka kwa kikundi kidogo cha kanisa, wengi wao wastaafu, ambacho sitakitaja jina.

Blanketi la viraka lina tabaka tatu: juu vipande vya kitambaa cha pamba vilivyounganishwa, katikati ujazo wa pamba au polista, na chini kitambaa kizima. Tabaka hizo hushonwa kwa pamoja ili ujazo usihame na kurundikana upande mmoja, kisha ukingo hufungwa kwa utepe wa kitambaa. Mafundi wa huku huunganisha viraka kwa kuacha robo inchi tu ya pindo (kitambaa kinachobaki nje ya mshono), yaani takriban milimita 6, na hapo ndipo kazi nzuri na kazi mbaya hutengana, kwa sababu blanketi la mtoto anayetapika mara kwa mara litafuliwa na kukaushwa kwa mashine wiki baada ya wiki, na pindo lililopunguzwa kidogo tu chini ya hapo litafumuka. Mengi niliyoyageuza na kuyavuta yalikuwa imara, na utepe wa ukingoni ulikuwa umepitishwa sindano mara mbili. Pembe za viraka hazikukutana vizuri katika baadhi yake, lakini kosa la namna hiyo humuudhi fundi tu.

Kinachonivutia zaidi ni kanuni zao. Blanketi lazima liwe jipya, lifulike, lisiwe na pini hata moja iliyosahauliwa ndani, na litoke katika nyumba isiyovutwa sigara. Aliyewahi kumuuguza mtu anayetibiwa saratani anajua jinsi harufu ndogo ya moshi au manukato inavyoweza kumchafua roho mgonjwa, na nadhani kanuni hiyo ina faida kubwa kuliko urembo wote wa viraka. Mama aliyembeba mwanawe kwa khanga moja kwa miezi mingi hahitaji kuelezwa kwa nini kitambaa kisicho na harufu ngeni kinaweza hatimaye kushika harufu ya nyumbani kwao.

Kasoro zipo. Baadhi ya mablanketi hayakushonwa katikati bali yalifungwa kwa vinundu vya uzi wa sufu, njia iliyo ya haraka, ambayo siipendi kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Moja lilikuwa na vifungo vilivyowekwa kuwa macho ya sungura. Lingerudishwa kwa fundi kama ningeulizwa. Tena, karibu rundo lote lilikuwa la dubu, vipepeo na rangi za waridi, kana kwamba kijana wa miaka 16 aliyevunjika miguu katika ajali hahitaji kufarijiwa. Kuhusu wachanga, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto asilazwe na blanketi lolote lililolegea kitandani. Kwa hiyo kila blanketi dogo lingestahili karatasi inayosema wazi kwamba ni la kutandika sakafuni wakati wa kucheza, mzazi akiwa karibu.

Ugawaji wenyewe ni wa heshima. Blanketi hupitia kwa muuguzi au mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mtoto hubaki nalo likiwa lake, na aliyelishona hasubiri picha wala barua ya shukrani. Mzazi anayelihitaji anaweza kuuliza hapo hospitalini.

Wenye ujuzi wa kushona wanakaribishwa, na Jumamosi ya tatu ya Februari hutengwa kila mwaka kwa ajili ya kushona kwa pamoja. Mabaki ya vitenge yanafaa sana, hasa kwa vijana, kwa kuwa michoro yake haina utoto, ila yafuliwe peke yake mpaka maji yatoke bila rangi, na yakaushwe kwa mashine kabla hayajakatwa, ili yasije yakachafua viraka vyeupe au kupungua ukubwa na kuukunja mshono baada ya blanketi kukamilika.